Karatasi Safi ya Katsuva

Saa tano na nusu asubuhi, Ijumaa.

Chumba cha nyuma, mtaa wa Mudzipela. Mlango umefungwa, mabati yanachoma utosi. Juu ya meza kuna koleo la kukatia chuma na saa ya mkononi. Watu watatu wameizunguka.

"Liévin anatoka saa saba," alisema Katsuva. "Kila vendredi, Ijumaa kama hii, hakosaka kula samaki ya Tchomia. Mimi naruka ukuta, nakata kadena yenye kufunga sanduku, nakamata dossier, makaratasi yote. Godelive, weye uko nyuma, juu ya moto ya taximan, pikipiki tayari. Fabien, uko mbele, unaangalia barabara. Bunduki hapana."

"Na kama anarudi mbio?" aliuliza Fabien.

"Unapiga filimbi."

"Nitapiga, yaya." Alimwita yaya, yaani kaka, huku akitazama viatu vyake.

Usicheke, msomaji. Genge hili lilikuwa linakwenda kuiba dossier yake lenyewe. Watu waliokimbia vita Djugu walikuwa wameanzisha akiba yao pale kambini, Godelive akiwa mtunzaji. Sheria inasema huwezi kushika akiba ya watu bila agrément, yaani kibali cha serikali. Wakampa Liévin, wakala wa mjini, dossier aipeleke, kwa kuwa ndiye anayejua milango ya maofisi. Liévin akaifungia sandukuni na kudai motivation, yaani kitu kidogo, kisha nyingine juu yake. Kumshitaki kungechukua miezi, na kutengeneza dossier mpya kungechukua miezi pia. Maofisa kutoka Kinshasa walikuwa wanapokea maombi, mwisho saa tisa na nusu siku hiyo. Asiyekuwa na muhuri wa kupokelewa angefungiwa mlango Jumatatu, na watu wangerudi kuficha akiba yao chini ya magodoro, ambako wenye bunduki huanza kutafuta.

Ndani ya dossier kulikuwa na majina manne ya viongozi: Katsuva, aliyekuwa président, yaani mwenyekiti, Godelive, Fabien na Solange, ambaye alikuwa amebaki kambini. Kila jina lilikuwa na picha na karatasi ya parquet, ofisi ya mwendesha mashitaka, inayosema mtu huyo hana kosa.

Ya Katsuva ndiyo iliyomgharimu. Zamani alisimamisha malori kwenye barabara ya Komanda. Akafungwa, akamaliza, akangoja miaka mingine hadi parquet ikamwandikia néant, hakuna kitu. Siku ile alimsomea mkewe karatasi hiyo mara mbili kwa sauti. Sasa alikuwa anarudi kwenye wizi ili awe mtu halali. Mimi siwezi kumlaumu. Aliyekuwa amejaribu milango yote ni yeye.

Saa saba na dakika ishirini.

Ukuta. Dirisha. Ofisi tupu, feni imezimwa. Kadena ilikatika kwa mlio mmoja. Chini ya rundo la mafaili ya watu wengine, wengine maskini kama wao, akaona jalada la kijani.

Hapo angeondoka. Katsuva wa barabara ya Komanda angekuwa ameshavuka ukuta. Lakini huyu alifungua jalada, akatafuta karatasi yake. Ilikuwapo. Alisimama akaisoma, mstari kwa mstari, kama dakika nzima.

Filimbi haikulia.

Mlango wa mbele ndio uliofunguka. Polisi wanne. Katsuva alirudi dirishani, akalirusha jalada juu ya ukuta.

"Enda, mama! Usiangalie nyuma."

Godelive alilidaka, akalisukuma ndani ya kitenge. Taximan akawasha pikipiki. Godelive alisikia rungu likitua, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuangalia nyuma. Kwenye pembe ya ua alimwona Liévin amesimama kando ya jeep ya polisi, mikono mfukoni, hana habari ya samaki. Fabien hakuonekana popote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Saa nane na dakika hamsini.

Foleni ya mlangoni ilimchelewesha. Alipoingia ofisini kwa maofisa, Fabien alikuwa ameketi kwenye benchi, nywele amechana.

"Nilijua utafika," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulimuuza."

"Liévin alishajua. Aliniambia, mukiingia wote mutafungwa, na dossier inaungua. Akipata mutu mumoja tu wa kufunga, inatosha, alisema. Nilichagua mumoja."

"Na weye alikupatia nini?"

Fabien alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi. Godelive alitaka kumtemea mate. Akaenda kupanga dossier.

Saa tisa kamili.

Kwenye dirisha la kupokelea alikuwapo Mama Régine, karani mwenye miwani. Alikuwa anapekua kurasa polepole wakati kelele zilipoanza barabarani. Mwizi, mwizi. Jeep ya polisi, iliyochelewa kwa Liévin, ilikuwa imekwama katikati ya pikipiki. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Katsuva, mikono imefungwa, damu sikioni.

Mama Régine alitazama nje. Akatazama picha kwenye dossier.

"Mama, ule mutu iko wenu? Kama iko na affaire, kesi kwa polisi, dossier siwezi kupokea."

"Munaombaka viongozi ngapi?" aliuliza Godelive.

"Watatu. Chini ya watatu, hapana."

Godelive alihesabu kichwani. Akiwatoa Fabien na Katsuva, wanabaki wawili. Akimtoa Katsuva peke yake, wanabaki watatu, na mmoja wao ndiye huyu aliyeketi benchini.

Katsuva alimwona kupitia dirisha la barabarani. Alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu anayekataa chakula. Usinijue.

"Hapana," alisema Godelive. "Hatumujui. Iliingia kwa makosa."

Alichomoa karatasi yenye picha. Kona ilichanika. Mama Régine aliona, akachukua muhuri. Ukatua kwenye nakala: reçu, imepokelewa, tarehe, saa.

"Na président ni nani sasa?"

Fabien alikuwa ameshasimama. Alinyoosha mkono kuchukua bic, kalamu ya kutia sahihi. Godelive aliishika kwa muda, nje injini ya jeep ikiunguruma. Kisha akamwachia.

Jeep ilipinda kona. Alikuwa bado ameshika karatasi ya Katsuva, hajui aiweke wapi.