Alisema "Kata", Nikakata Nywele za Binti Yangu

"Baba! Umefanya nini?!"

Jamani, binti yangu alipiga ukelele hadi mteja aliyekuwa akisubiri nje akachungulia. Mashine bado inanguruma mkononi mwangu. Njia tupu imechorwa kutoka kwenye paji la uso hadi utosini... na fungu la nywele limelala mapajani mwake!

"Si mwenzako kasema kata?"

Rafiki yake alikuwa ameshika simu. Aliendelea kurekodi.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni kinyozi. Shule niliacha mapema, kazi hii ndiyo imenilea. Binti yangu ana miaka kumi na sita, na walikuwa wanatengeneza filamu fupi ya mashindano ya shule.

Hadithi kaitunga mwenyewe: msichana anaambiwa na kila mtu anyoe awe kama wenzake. Anapelekwa kwa kinyozi. Mashine inakaribia... anainuka, anaondoka na nywele zake!

Kinyozi wa filamu ni mimi. Hadi shati nilipiga pasi.

"Baba, sogeza mashine tu, usiguse. Mwenzangu akisema neno, zima."

Neno gani, hakunitajia. Na mimi sikuuliza.

Sasa mashine iko karibu, rafiki akapaza sauti: "Kata!"

Ndugu zangu, kwa watu wa filamu eti "kata" ni kusimamisha kurekodi, lakini kwenye kiti changu neno hilo lina maana moja! Nikadhani wamebadilisha hadithi. Nikakata.

Nywele si kitasa, useme kikiharibika utafunga kingine.

"Malizia, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kutoka hivi."

Nikamalizia. Macho hayakuona vizuri, lakini nikamalizia.

Siku ya maonyesho ukumbi umejaa wazazi. Filamu ikaishia kwenye upara wa mwanangu, na muziki wa furaha juu yake. Pale pa kuinuka hapakuwepo kabisa! Mwalimu mkuu akasimama anapiga makofi.

"Hii ndiyo nidhamu! Msichana kakubali kuwa kama wenzake!"

Nafasi ya kwanza. Binti yangu akaitwa jukwaani, akapapaswa kichwa kama tikiti la sokoni. Nikanyanyuka niseme ukweli. Binti akanitazama, akatikisa kichwa. Nikakaa.

Njiani nikamwambia, "Nisamehe, mama. Lile neno lilinichanganya."

"Baba, sisi tulipatana aseme 'basi'. Nilimwonya kabisa: usiseme 'kata', baba ni kinyozi."

Nikasimama katikati ya njia!

"Kwa hiyo alijua?"

"Mwalimu mkuu alimwambia filamu ya msichana mbishi haitapita. Mimi nikakataa kubadilisha mwisho, naye akaubadilisha kwa mashine yako."

"Nirudi kwa mwalimu? Nikamwone mzazi wa huyo mwenzako?"

"Ukawaambie nini, baba? Mkono ulikuwa wako."

Tukaendelea kutembea.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuingiza kwenye jambo lake, muulize yeye anataka nini. Mimi nilimtii aliyepaza sauti. Aliyekaa kwenye kiti sikumuuliza.

Jana niliona nywele za binti yangu zimeanza kuota, nikafurahi kimoyomoyo. Akaingia saluni, akakaa, akajifunika shuka mwenyewe.

"Ninyoe, baba."

"Si ndiyo kwanza zinaota?"

"Shuleni wote wanasema hivi ndiyo nimependeza."

"Na wewe unataka nini, mama?"

Akajitazama kwenye kioo, akapitisha kiganja kichwani.

"Nyoa tu, baba."