Dole Gumba la Mzee Machibya

Mwaka tisini na nne rafiki yangu Nestory, mpiga chapa wa pale Mirongo, aliitwa Magu kusoma wosia wa marehemu Mzee Machibya, ambao Nestory ndiye aliyeuchapa. Ng'ombe waliachiwa ndugu. Nyumba ya Pasiansi akaachiwa binti yake, Evelina. Kila mrithi aweke dole gumba penye jina lake.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, lakini Mayala, mdogo wa marehemu, alikuwa na haraka. Mnunuzi binafsi wa pamba alishaitaka ile nyumba.

“Baba mdogo, tunyoe kwanza, tumalize msiba,” Evelina alimsihi.

“Wewe utaolewa. Nyumba ni ya ukoo.”

Mvua ilikuwa imetia giza ghalani walimokutania kusomewa wosia. Nyuma ya magunia ya pamba, kigoda alichozoea kukalia marehemu kikaburuzwa sakafuni. Watu wote walikuwa mbele ya magunia. Mayala akachovya dole lake kwenye wino, akabonyeza penye jina la Evelina.

Dole gumba la marehemu lilikuwa na kovu la panga lililolikata katikati. Alama iliyotoka karatasini ilikuwa na kovu hilo.

Mayala akajifuta wino, akalitazama dole lake. Zima kabisa, halina kovu. Akajaribu la kushoto.

Kovu likatokea tena, na kigoda kikaburuzwa, safari hii upande wa huku wa magunia.