Kizibo cha Akiba

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Asheri alipanda na kibuyu chake hadi kwenye ndiva, bwawa ambalo wazee wa kijiji cha Mamba walilichimba zamani kukinga maji ya kijito. Maji yalijaa usiku. Kulipokucha yalifunguliwa, yakateremka mferejini kwenda mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Mlinzi wa ndiva, Mzee Filipo, alikuwa na vizibo viwili vya mloliondo, mti mgumu, vinene kama paja la mtu mzima. Kimoja kiliziba tundu la maji. Cha pili kilikuwa cha akiba, kimeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda chake.

Asheri alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ule, enzi za Mwingereza, hakuwaza kitu ila malori. Wavulana walichonga malori ya mbao mfano wa yale waliyoyaona barabarani Hedaru, kule bondeni. Kila Jumamosi waliyapanga juu ya mteremko wa kanisani, wakayaachia. Kusukuma kulikatazwa, lori lilishuka lenyewe kwa uzito wake. Mara tatu mfululizo Asheri alishindwa na rafiki yake Hezroni, aliyekaa naye dawati moja. Magurudumu ya Asheri yalikuwa ya mti laini. Yakigonga jiwe, yalipasuka.

"Tafuta mti mgumu," Hezroni alimshauri. "Na ekseli uipake mafuta ya mnyonyo. Mimi ndivyo ninavyofanya."

Jioni moja, Mzee Filipo akiwa ameshuka mferejini, Asheri alikibeba kile kizibo cha akiba. Alijiambia kwamba tangu azaliwe hajakiona kikitumika. Kwa msumeno wa baba yake alikata vipande vinne, akavitoboa kwa chuma cha moto na kuvisugua mpaka vikawa mviringo. Kilichobaki alikitia motoni.

Jumamosi iliyofuata lori lake liliruka mawe kama si kitu na kufika chini la kwanza. Hezroni ndiye aliyekimbia kuliokota.

"Hili ni lori kweli," alisema, akizungusha gurudumu kwa kidole. "Mti huu umeutoa wapi?"

"Msituni," Asheri alijibu.

Ukaja ukame wa Januari. Usiku mmoja kizibo cha ndiva kilipasuka. Mzee Filipo alikimbilia cha akiba, asikione. Watu walijaribu kuziba kwa magome ya migomba na udongo, lakini kulipopambazuka ndiva ilikuwa tope tupu. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Mama Hezroni, mjane, ambaye mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele. Kuchonga kizibo kipya kulichukua siku nne, na zamu yake nyingine ilikuwa mbali.

Wazee walimweka Mzee Filipo katikati.

"Kizibo cha pili kiko wapi?"

"Kilikuwa kibandani. Sijui kimekwenda wapi."

"Umekipasua kuni," mmoja alisema, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Siku hiyo hiyo alinyang'anywa ulinzi alioufanya miaka ishirini. Asheri alisikia yote. Akarudi nyumbani.

Mahindi ya Mama Hezroni yalikauka yakiwa yamesimama. Wiki mbili baadaye Hezroni hakuja shuleni. Asheri alimkuta kwao akifunga kifurushi.

"Nashuka Hedaru," Hezroni alisema. "Mjomba amenipatia kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wadogo zangu lazima wale." Akamnyooshea lori lake. "Chukua. Huko halitanifaa."

Asheri hakuweza kulipokea. "Kizibo nilikichukua mimi," alisema. "Ndiyo yale magurudumu yangu."

Hezroni akalirudisha lori nyuma, akampa mdogo wake, akajitwika kifurushi na kushika njia ya bondeni bila kuaga.

Asheri alilia njia nzima, lakini miguu yake ilimpeleka moja kwa moja kwa wazee, akaungama. Mzee Filipo alirudishiwa ulinzi. Asheri na baba yake walichonga kizibo kingine cha akiba, na Asheri akapewa adhabu ya kuzoa tope la ndiva na kulima shamba la Mama Hezroni hadi mvua za masika. Mama huyo aliitikia shikamoo yake kila siku, lakini hakumtazama usoni.

Siku alipomaliza kuzoa tope, Asheri alisimama mbele ya Mzee Filipo.

"Babu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," mzee alisema. "Ndiva imejaa, na jina langu limerudi. Lakini Hezroni anakata mkonge. Ungesema siku ile ile, baba yako angempa mama yake zamu yenu ya maji, na mahindi yangepona. Kuiba ulikosa mara moja. Kunyamaza ulikosa kila siku. Ukweli una wakati wake kama maji. Ukiuchelewesha utafika, ila utakuta shamba limekwisha kukauka."

Asheri alichukua jembe, akaenda shambani kwa kina Hezroni.