Ukurasa wa Nne wa Barua

Fundi wa kuchomelea vyuma hakuwahi kusoma chuo. Basi siku binti yake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kipusa, alipopata barua ya kuitwa chuoni kusomea kazi ya maabara ya hospitali, fundi alijaa maswali. Huko nani anawaamsha? Darasani wanakaa wangapi? Mwalimu akienda mbio, anasimamishwaje? Kipusa naye alikuwa akijiuliza hayo hayo, ila kimoyomoyo.

Mikono ya fundi haikujua kukaa bure, akamtengenezea binti sanduku la chuma. Mama akalijaza mashuka, pasi na sufuria tatu. Wiki nzima ikaishia katika kupanga na kupangua. Barua yenyewe ilikaa juu ya kabati, imesomwa ukurasa wa kwanza tu, ule wenye neno "Hongera".

Jumamosi, jirani yao alipita kuazima ngazi. Mama huyo alikuwa mlezi wa bweni la wasichana katika chuo kingine. Alilitazama lile sanduku, akatabasamu, akaomba aione barua. Aliisoma bila haraka hadi ukurasa wa nne.

"Mwanangu, fomu ya daktari mbona iko tupu?"

"Fomu gani, mama?" Kipusa aliuliza.

Jirani akawaeleza kwamba fomu ile hujazwa na daktari na kupigwa muhuri kabla ya siku ya kuripoti. Akasoma pia kwamba pasi na sufuria haziruhusiwi bwenini. Kisha akaomba vyeti. Akaviweka sambamba mezani, cha kuzaliwa na cha shule, akapitisha kidole jina kwa jina. Kidole kikasimama. Jina la ukoo kwenye cheti kimoja lilikuwa na herufi moja zaidi.

Mama yake Kipusa akasema herufi si kitu, mtu ni yule yule.

"Sisi tunajua. Karani hajui," jirani alisema. "Kila mwaka naona watoto wanarudishwa getini. Akili wanayo. Barua ndiyo hawakuimaliza."

Zilibaki siku tisa. Jirani aliwaambia waende kwa wakili, Kipusa aape kwamba majina yote mawili ni yake, na wakili aandike hati ya kiapo. Fundi akataka kujua mtu anaapaje, ananyoosha mkono au anashika kitabu. Jirani akamjibu kwamba hilo atalishuhudia kwa macho yake.

Jumatatu walikwenda hospitali. Kipusa aliogopa sindano, lakini alipoona damu yake inawekwa kwenye mashine, woga ukamtoka. Akauliza kwa nini inazungushwa. Mpimaji akamwonyesha jinsi ilivyojitenga, maji juu, wekundu chini. Jumanne Kipusa akaapa kwa wakili. Jumatano wakatoa nakala za kila karatasi.

Siku zilizobaki zikawa za mazoezi, kama jirani alivyoshauri. "Kosea hapa nyumbani, usikosee kule," alimwambia Kipusa. Binti akajiandikia ratiba ya kuamka, kufua na kusoma. Fundi akakatazwa kumgongea mlango. Siku ya kwanza Kipusa alipitiwa na usingizi, na baba mtu akapita mlangoni mara sita akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Siku ya nne binti ndiye aliyemwamsha baba.

Siku ya kuripoti, msichana aliyekuwa mbele yao kwenye foleni alirudishwa kwa kukosa muhuri wa daktari. Fundi akamwonea huruma, moyo ukimdunda. Zamu yao ikafika. Karani alitazama vyeti viwili, akakunja uso. Fundi akafungua mdomo, lakini binti akamtangulia.

"Kuna tofauti ya herufi moja. Hati ya kiapo hii hapa."

Karani akaisoma, akagonga muhuri. Kipusa akauliza maabara iko jengo gani, na kama anaweza kwenda kuiona leo. Karani akasema tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza hilo, akamwelekeza. Wazazi, aliongeza, mwisho wao ni getini.

Fundi akasimama getini. Alimwona binti yake akimsimamisha mtu mmoja kumuuliza njia, kisha mwingine, kisha akikata kona bila kugeuka nyuma. Hapo moyo wake ukatulia, akashika njia ya kurudi nyumbani.