Pikipiki ya Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi mshonaji alianza kazi kwa kutia mafuta cherehani yake. Tone moja hapa, tone moja pale. Kisha alizungusha gurudumu kwa mkono mpaka lizunguke bila kukwaruza. Ndipo akaketi na kushona. Kwa miaka thelathini hakuruka hatua hiyo hata siku moja.

Katika chumba cha nyuma, hatua tatu tu kutoka kwenye cherehani, ilisimama pikipiki ya marehemu mumewe. Mume alikuwa msoma mita za maji. Aliinunua mwaka waliooana, akaenda nayo kazini mpaka alipostaafu. Aliipenda mno, hata mkewe akaiita mke mwenza. "Umeshinda na mke mwenzangu kutwa," alikuwa akimtania. "Sasa njoo ule."

Mume alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyeipanda pikipiki. Lakini kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, familia ilikuwa na jambo lake. Mshonaji, mwanawe na mkwe wake waliingia chumba cha nyuma. Walifunga mlango na dirisha, majirani wasisikie. Mwana alipiga kiki, na injini ikaunguruma. Watu watatu walikaa kwenye viti vitatu, kimya, kwa dakika tano. Kisha walizima na kukaa tena kidogo. Wenyewe waliliita jambo hilo kumsikiliza baba.

Kila mara walitoka humo vichwa vinauma.

"Ni majonzi," mshonaji alisema. "Majonzi hupanda kichwani." Wakanywa maji, wakalala.

Jumapili moja mambo yakawa mengine. Mkwe alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipoinuka kitini, miguu ilimwisha nguvu, akaanguka mlangoni. Walimbeba hadi uani, akazinduka alipopata upepo. Zahanati walimpima damu, hawakuona ugonjwa. Wakamwambia apumzike. Hakuna aliyewatajia pikipiki. Nani angeifikiria?

Jioni ile mwana alikuja na neno.

"Mama, chumba kile kina huzuni nyingi mno. Niiuze ile pikipiki kwa watu wa vyuma chakavu, yaishe."

"Uuze sauti ya baba yako kwa kilo?"

"Na mimi nitakuwa baba sasa. Nisubiri mke wangu aanguke tena?"

Mshonaji alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Basi aje kwanza fundi wake aione," alisema mwishowe. "Yeye ndiye anayeijua."

Fundi wa pikipiki alikuja Jumamosi. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu mzima mwenye weusi wa grisi kwenye kucha.

"Hujambo, shemeji? Na mke mwenzio hajambo?"

"Yupo, shemeji. Kijana anataka kumpa talaka."

Fundi alipiga magoti na kuwasha tochi. Alisoma namba iliyogongwa kwenye fremu. Akasoma namba ya injini. Akazilinganisha zote na kadi ya pikipiki. Kisha akapitisha kidole kwenye rangi ya tangi.

"Namba zinalingana," alisema. "Rangi ni ya kiwandani. Taa na kiti ni vile vilivyokuja nayo. Za namna hii zimebaki chache. Kijana, hii haiuzwi kwa kilo. Mkitaka kuiuza, mtafuteni anayezijua. Kadi itunzeni vizuri. Na msiipake rangi mpya. Mkiipaka, mtakuwa mmefuta historia yake."

"Thamani yake sibishi," mwana alisema. "Lakini kila tukiisikiliza, tunaumwa."

Fundi aliinua kichwa. "Mnaisikiliza vipi?"

Wakamweleza. Fundi hakucheka. Alisimama, akafungua mlango hadi mwisho, kisha dirisha.

"Mlango huu huwa umefungwa?"

"Umefungwa."

"Na hili dirisha?"

"Pia."

"Shemeji, siku nyingine ukimkumbuka marehemu, kichwa huuma?"

Mshonaji akafikiri. Alimkumbuka kila siku, akishona, akipika, akitandika kitanda. "Hapana," alijibu polepole. "Siku nyingine huuma moyo tu."

"Basi hayo si majonzi. Ni moshi."

"Moshi gani? Sisi hatuoni moshi."

"Ungeuona, ungeukimbia. Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inazuia damu kubeba hewa safi. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unataka kutapika, miguu inaisha nguvu. Ukizidi kukaa humo, unalala usiamke. Na sumu hiyo humfikia hata mtoto aliye tumboni."

"Je, tukifungua dirisha?" mwana aliuliza.

"Haitoshi. Injini haiwashwi ndani ya nyumba, hata kwa dakika moja."

Mshonaji aliviangalia vile viti vitatu kando ya ukuta. Ni yeye aliyevipanga.

"Mkwe arudi zahanati leo, si kesho," fundi alisema. "Na safari hii waelezeni kila kitu."

Walikwenda saa hiyohiyo. Muuguzi aliwasikiliza, akauliza maswali mengi, akampima mkwe upya. Kisha akaweka chombo tumboni, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Akakisogeza kidogo, akasikiliza tena.

"Mapigo ni mazuri," muuguzi alisema. "Lakini arudi kila wiki tumwangalie. Na chumba kile, basi tena."

Waliporudi nyumbani, walimkuta fundi uani. Alikuwa ameisukuma pikipiki hadi nje.

"Sasa tuiache kabisa, isiwashwe?" mshonaji aliuliza.

"Cherehani ukiiacha mwaka mzima, inakuwaje?"

"Mafuta yanaganda. Gurudumu linakuwa zito."

"Umejijibu. Hii umeing'arisha nje kama kioo, lakini ndani hakuna aliyeigusa." Alimwonyesha oili aliyoitoa. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Haya ni maji. Injini ikiwashwa dakika tano haipati moto wa kutosha kuyakausha. Yanabaki ndani na kula chuma. Petroli nayo ikikaa sana huacha gundi kwenye kabureta. Tazama na mpira huu wa petroli, umepasuka, unavuja. Pasi yako iko wapi?"

"Pale mezani."

"Hatua tatu! Shemeji, mngeungua wote."

Mwana alichukua karatasi ya kukatia nguo, akaandika kila neno. Oili ibadilishwe kila mwaka. Petroli ya zamani imwagwe kwenye chombo cha fundi, si kwenye mtaro. Pikipiki isimame juu ya stendi, matairi yasigandamizwe upande mmoja. Betri ichomolewe. Matairi yenye nyufa yabadilishwe, hata kama bado yana meno. Kabla ya safari breki zijaribiwe, na mpandaji avae kofia ngumu.

"Na baba tutamsikiliza wapi?" mwana aliuliza.

"Barabarani," fundi alisema. "Pikipiki iliumbiwa huko."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Walijenga kibanda chenye upepo uani, mbali na chumba cha kushonea. Viti vitatu vilirudi sebuleni. Mtoto wa kike alizaliwa salama.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, mwana alivaa kofia, akajaribu breki, akapiga kiki akiwa nje ya geti. Mshonaji alisimama uani. Sauti ilifika kona, ikafifia, ikapotea. Alishtuka. Kwa miaka miwili sauti hiyo ilisimama mahali pamoja, naye alikuwa amesahau kwamba huondoka.

Nusu saa ikapita. Kisha akaisikia kwa mbali inarudi, kama alivyoisikia kila jioni ya ndoa yake. Machozi yakamtoka.

"Mama, kichwa kinauma?" mkwe aliuliza, mtoto begani.

"Hakiumi," alisema. Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akaenda kufungua geti.