Andazi na Mkono Uliolala

Tunu alikuwa na miaka sita. Aliishi na mama yake Lushoto, juu milimani, ambako asubuhi kuna baridi na ukungu mweupe.

Tunu alikuwa na paka. Paka huyo alikuwa wa kahawia, tena mnene. Akijikunja kulala, anakuwa duara kabisa. Ndiyo maana Tunu alimwita Andazi.

Andazi alipenda samaki. Lakini alipenda zaidi kupakatwa. Ukikaa tu, yeye yumo mapajani. Anajikunja, anafumba macho, anaanza kunguruma.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.

Mama yake Tunu alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee. Humo waliishi mabibi na mababu kumi na wawili. Mama aliwapikia uji, wali, na maharage laini yasiyohitaji meno.

Siku moja mama alimsimulia Nesi Adela habari za Andazi. Nesi Adela ndiye aliyewatunza wazee. Alicheka sana. Kisha akafikiri.

Akasema wazee wengi walifuga paka zamani, na sasa wanawakumbuka. Akaomba Tunu amlete Andazi siku ya Jumatano, akitoka shule.

Kwanza Andazi alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Akachomwa sindano. Halafu akaogeshwa.

Sindano hakuipenda. Kuoga hakukupenda kabisa. Mama akalowa. Tunu akalowa. Hata ukuta ukalowa.

Jumatano ikafika. Andazi akaingia kwenye kikapu chenye kifuniko. Tunu akakibeba kwa mikono miwili, maana kilikuwa kizito.

"Pole pole, Andazi," akamnong'oneza. "Pole pole."

Wazee walikuwa barazani, wanaota jua. Tunu akawaamkia wote, mmoja mmoja. Shikamoo bibi. Shikamoo babu. Marahaba zikawa nyingi.

Bibi Hiyari alikaa mwisho wa benchi. Macho yake hayakuona vizuri. Tunu akamweka Andazi mapajani mwake.

Bibi Hiyari akampapasa masikio. Akampapasa mgongo. Akampapasa mkia mpaka ncha. Akauliza paka huyu ana rangi gani.

"Ya andazi, bibi," Tunu akajibu. "Andazi lililoiva vizuri."

Bibi Hiyari akasema alijua tu. Mikono yake ilishamwambia kuwa huyu ni andazi.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.

Andazi akapita benchi zima. Kila mzee alimpakata. Kila mzee alikuwa na neno la kumwambia. Babu mmoja alimwimbia wimbo mfupi, akasahau katikati, akauanza upya.

Tunu akawahesabu wazee. Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja hakuwepo.

Nesi Adela akamwambia kuwa huyo ni Babu Mdoe. Babu Mdoe aliugua, na tangu hapo mkono wake wa kushoto umelala. Vidole vimejikunja kama ngumi. Yeye huona aibu. Hatoki chumbani. Hata chai anakunywa peke yake.

Nesi alikuwa amempa mpira laini wa kubonyeza, ili mkono uamke. Babu Mdoe aliutupa chini ya kitanda.

Tunu akauliza kama Andazi anaweza kwenda kumwamkia. Nesi akasema wajaribu. Tunu akamrudisha Andazi kikapuni.

Chumba cha Babu Mdoe kilikuwa kimya. Babu alikaa kitandani, mgongo kwenye mto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefichwa chini ya blanketi.

"Shikamoo, babu," Tunu akasema.

"Marahaba," akajibu Babu Mdoe. Kisha akasema hataki paka, ahsante.

Lakini Andazi alikuwa ameshatoka kikapuni. Akaruka kitandani. Tup. Akatembea juu ya blanketi. Akaenda moja kwa moja mpaka pale palipofichwa mkono. Akajikunja juu yake.

Tunu akashtuka. Akamnyanyua, akamweka upande wa kulia, penye mkono mzima.

Andazi akainuka. Akarudi kushoto.

Tunu akamhamisha tena kulia.

Andazi akarudi tena kushoto. Safari hii akafumba na macho.

Babu Mdoe akamtazama paka. Akamtazama Tunu. Midomo yake ikacheza kidogo.

"Huyu paka wako hasikii," akasema.

"Hasikii, babu."

"Basi mwache."

Andazi akaachwa. Akaanza kunguruma pale pale, juu ya mkono uliolala.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.

Babu Mdoe akainamia blanketi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Unatetemeka."

Tunu akauliza nini kinatetemeka.

"Mkono wangu," Babu akasema. "Paka akinguruma, nausikia."

Jumatano iliyofuata, Babu Mdoe aliwasubiri. Blanketi alikuwa amelikunja na kuliweka pembeni. Mkono ulikuwa wazi, mapajani.

Tunu akauona kwa mara ya kwanza. Haukutisha. Ulikuwa mkono tu, umejikunja kama paka aliyelala.

Babu akauvuta kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya mgongo wa Andazi. "Pole pole, Andazi," Tunu akanong'ona. "Pole pole."

Siku hiyo mkono haukufanya chochote. Jumatano iliyofuata, vilevile.

Jumatano nyingine tena, kidole kidogo kikanyooka. Kimoja tu. Kikaingia kwenye manyoya ya Andazi, kikabaki humo.

Babu Mdoe akamwomba Tunu aangalie kama anaona anachokiona yeye. Tunu akaangalia kwa karibu sana. Akasema anakiona.

Walimwita Nesi Adela. Naye akakiona.

Halafu ikaja Jumatano ya upepo.

Siku hiyo upepo uliusukuma mlango wa Babu Mdoe kwa nguvu. Ba! Mlango ukapiga meza. Sinia la vikombe likaanguka. Kacha, kacha, kachaaa!

Andazi akaruka. Akapanda kiti. Akapanda dirisha. Akapanda juu kabisa ya kabati, akajibanza ukutani. Manyoya yalimsimama. Mkia ukawa mnene kama gunzi la mahindi.

Tunu akamwita. Hakushuka.

Nesi Adela akamwonyesha kipande cha samaki. Hakushuka.

Nesi akapanda kiti, akanyoosha mkono. Andazi akarudi nyuma zaidi. Akalia kilio chembamba. Nyauuu.

Tunu naye akaanza kulia. Alifikiri Andazi hatapenda tena kuja hapa. Alifikiri Babu Mdoe atabaki na kidole kimoja tu.

Babu Mdoe akashusha miguu kitandani. Akaomba fimbo yake. Nesi akasema ngoja kwanza, Babu akasema hawezi kungoja. Basi Nesi akashuka kitini, akamshika kiunoni, imara.

Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Babu Mdoe akafika kwenye kabati. Alikuwa mrefu kuliko Tunu alivyodhani.

"Nishikie fimbo," akamwambia Tunu. "Paka mnene hivi habebwi kwa mkono mmoja."

Tunu akafuta machozi, akashika fimbo.

Babu Mdoe akainua mkono wa kulia. Kisha akaanza kuuinua wa kushoto. Ulikuwa mzito. Ukapanda kidogo, ukasimama. Ukapanda tena.

"Pole pole, babu," Tunu akanong'ona. "Pole pole."

Mkono ukafika juu ya kabati. Vidole vikatetemeka. Kidole kidogo kikanyooka. Cha pili kikafuata. Cha tatu kikajivuta. Cha nne nacho. Kidole gumba kikasogea kidogo, kikawapisha wenzake.

Andazi akanyoosha shingo. Akanusa mkono huo. Aliujua vizuri.

Akasogea mbele. Akaweka mguu mmoja kwenye kiganja. Akaweka wa pili. Babu Mdoe akamkumbatia kwa mikono yote miwili na kumshusha mpaka kifuani.

Nesi Adela alikuwa anatabasamu na kulia, vyote pamoja.

Nesi alitaka Babu arudi kitandani apumzike. Babu Mdoe akatikisa kichwa. Akasema paka huyu ameogopa, anahitaji jua.

Nesi akaleta kiti chenye magurudumu. Babu akakaa, Andazi mapajani. Tunu akashika kikapu. Wakatoka chumbani. Magurudumu yakalia, kwii, kwii, kwii, mpaka barazani.

Wazee wakageuka. Bibi Hiyari akasikia magurudumu, akauliza nani huyo anayekuja.

"Ni mimi," akasema Babu Mdoe. "Mdoe."

Bibi Hiyari akasogea kwenye benchi, wote wakasogea. Palipatikana nafasi kubwa karibu naye.

"Karibu," akasema. "Chai bado ya moto."

Mama akatoka jikoni na birika. Akammiminia Babu kikombe, akakijaza nusu tu. Babu Mdoe akakishika kwa mikono miwili. Chai kidogo ikamwagika kwenye mkia wa Andazi. Andazi akaulamba. Ilikuwa na sukari.

Jioni hiyo Tunu na mama walirudi nyumbani wamechoka. Walikula viazi. Tunu akapiga mswaki, akaingia kitandani, na Andazi akapanda miguuni pake.

Tunu akauliza Jumatano nyingine ni lini. Mama akamwambia bado siku saba, azihesabu mwenyewe. Akamfunika vizuri.

"Alhamisi," Tunu akasema. "Ijumaa. Jumamosi. Juma..."

Hakufika Jumapili. Alikuwa ameshalala.