Lalamiko la Fundi Randa

Kila asubuhi Fundi Randa alifungua karakana yake iliyo mbele ya nyumba. Alifagia maranda, akapasha gundi moto, kisha akaanza kazi. Nyuma ya ukuta, mkewe, Mama Pacha, alifua nguo huku akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia, katika darasa la watu wazima. Tangu hapo hakuna karatasi iliyompita salama.

Siku moja milango mitatu mipya ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa ya Mwalimu, mwanamke aliyekuwa akijenga shule ya chekechea mtaa wa pili. Fundi alikuwa ameipiga msasa mpaka ikateleza kama kigae.

Mwalimu alifika saa nne. Alipewa kigoda, hakuketi.

"Fundi, nisamehe. Milango sitaichukua."

"Ina kasoro gani?"

"Mimi sijaiona kasoro. Mkaguzi wa majengo amesema shule haitapata cheti nikiiweka. Amenielekeza nikanunue kwenye yadi ya milango na madirisha iliyo karibu na kituo cha mafuta."

"Alipima?"

"Hakutoa hata tepu mfukoni."

Mtaani watu walisema yadi ile ni ya mke wa Mkaguzi. Mwalimu alikuwa mteja wa nne kumkimbia tangu mwaka uanze.

Mchana ule hakushika randa. Alichukua daftari akaandika barua kwa Tume ya Maadili, ofisi ya serikali inayoangalia mienendo ya watumishi wa umma. Aliandika kwamba Mkaguzi ni mwizi na mlevi, na moyo wake ni mweusi kama lami. Chini akaandika, "Mwananchi Mwenye Uchungu." Akaitumbukiza kwenye sanduku la Tume, akarudi nyumbani amepoa.

Wiki zikapita. Hakuna aliyemjibu.

Jirani yao mmoja alikuwa karani katika masjala ya Tume, yaani chumba kinachotunza majalada. Jumamosi moja alikuja kuchukua kiti chake kilichotengenezwa mguu. Fundi alimpokea kwa maneno.

"Ninyi huko mmelala! Nimeandika barua, kimya."

"Uliweka jina lako, shemeji?"

"Niweke jina nijitafutie balaa?"

"Sasa wangemjibu nani?"

Mama Pacha aliyekuwa mlangoni akacheka. Fundi hakucheka.

"Na uliandika amefanya nini?" Karani aliuliza. Fundi akamsomea kutoka kichwani, mwizi, mlevi, lami.

"Shemeji, hayo ni matusi. Hata yakiwa kweli, ulevi wake na milango yako wapi na wapi? Tume inataka tukio. Nani, cheo gani, alifanya nini, siku gani, mahali gani, nani alisikia. Kuna fomu yake. Unaweka jina lako na unaapa kwamba unachosema ni kweli kadiri unavyojua. Ukiapa uongo kwa makusudi, unashtakiwa wewe."

"Basi atajua ni mimi."

"Atajua. Atapewa nakala, naye ana siku ishirini na moja za kujibu. Ungependa usemwe mahali bila kusikia ulichosemwa?"

Fundi akakuna kidevu. "Hapana."

"Naye hapendi. Lakini watu wa nje hawaoneshwi faili mpaka uamuzi utoke. Na Mkaguzi akikukomoa kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa jingine."

Mama Pacha alisogea karibu. "Mdogo wangu, tunajuaje kama yadi ni ya mkewe kweli? Mtaani husemwa mengi."

"Nendeni mkasome leseni ya biashara. Hutundikwa ukutani kila mtu aione. Halafu njooni masjala. Mtumishi wa cheo kile huleta tamko kila mwaka, anaandika biashara zake na za mkewe. Tamko si siri. Mnajaza ombi, mnalisoma palepale mbele ya karani."

"Mbele yako wewe," Fundi alisema, akaanza kutabasamu.

"Mbele ya mwenzangu. Faili lako mimi sitaligusa. Sisi ni majirani, na sheria inayomfunga Mkaguzi inanifunga na mimi."

Jumatatu Mama Pacha alikwenda yadi. Alijifanya anatazama madirisha. Ukutani, juu ya meza ya muuzaji, aliona leseni. Alilisoma jina la mwenye biashara mara tatu, herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la mke wa Mkaguzi.

Kisha akaenda masjala. Aliletewa tamko la Mkaguzi kwenye jalada la kahawia. Akapitisha kidole kwenye mistari. Mahali palipoandikwa "Biashara ya mwenzi," Mkaguzi alikuwa amejaza neno moja: "Hakuna." Mama Pacha akaomba nakala.

Palibaki shahidi. Mwalimu ndiye aliyeambiwa maneno yale, na Mwalimu aliogopa.

"Nina watoto arobaini wanasubiri shule ifunguliwe," alisema. "Akinikomoa je?"

"Ameshakukomoa, Mwalimu," Mama Pacha alimjibu. "Ila hakuna aliyeandika."

Mwalimu alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alikuja na karatasi ameandika tarehe, saa na maneno yote aliyoambiwa na Mkaguzi.

Fundi alijaza fomu kwa mkono wake. Alieleza mambo mawili ya Mkaguzi: kuwaelekeza wateja kwenye yadi ya mkewe na kuficha biashara ile kwenye tamko. Mwishoni hasira ikampanda, akaongeza la tatu: Mkaguzi anakula rushwa.

"Hilo umeliona?" mkewe aliuliza.

"Nalijua."

"Nimekuuliza kama umeliona."

Hakulifuta.

Kwenye dirisha la Tume fomu ilirudishwa. Ilitakiwa ipigwe chapa, nakala tatu, na kiapo kifanyike mbele ya wakili. Fundi alizunguka siku nne. Mpiga chapa alikosea tarehe. Wakili alikuwa safarini. Siku ya tano lalamiko lilipokelewa na kupigwa muhuri. Kilichomuuma zaidi ni siku tano bila kushika randa.

Wakati akizunguka, Mama Pacha alikuwa akisoma ubao wa matangazo. Aliona tangazo refu lenye kichwa, "Rasimu ya Kanuni za Malalamiko na Matamko." Jioni akamwendea Karani.

"Rasimu maana yake nini?"

"Ni kanuni ambazo hazijapita. Tume huziandika, huzitangaza, watu huzitolea maoni, ndipo zinapitishwa. Hazishuki kutoka mbinguni, dada. Kikao cha maoni ni Alhamisi."

"Hata mimi naweza kusema?"

"Umeona mahali pameandikwa isipokuwa Mama Pacha?"

Alhamisi ukumbi ulikuwa na watu wasiofika ishirini. Mbele waliketi wajumbe watatu wa Tume, mwenyekiti katikati. Wakili mmoja alisimama akasema kupiga chapa na kuapa kwa wakili kubaki, kwani kunazuia majungu. Kisha Mama Pacha akaitwa.

"Nimejua kusoma nikiwa na miaka arobaini na mbili," alisema. "Kabla ya hapo, mtu angenionea, fomu hii ingenisaidia nini? Kiapo kibaki. Uongo nao unaua. Lakini asiyejua kuandika aseme kwa mdomo. Karani aandike, amsomee, amwapishe hapohapo bila malipo."

Mwenyekiti alivua miwani. "Na karani akiandika asichoambiwa?"

Ukumbi ukamgeukia. Mama Pacha hakuwa ameliwaza hilo.

"Basi asome mbele ya mtu mwingine," alisema, "na mtu huyo achaguliwe na mwenye lalamiko."

Mwenyekiti akavaa miwani, akaandika.

Uamuzi juu ya Mkaguzi ulitoka baada ya miezi minne. Alikuwa amejibu kwamba yadi ni ya mkewe, yeye haimhusu. Tume iliona alivunja maadili kwa kuitumia kazi ya umma kuifaidi familia yake, na kwa kuificha biashara ile kwenye tamko. Aliondolewa kwenye ukaguzi. Tume ikaagiza kazi zote alizozikataa mwaka ule zikaguliwe upya. Kuhusu rushwa, Tume ilisema hakuna ushahidi, ikaitupa hoja hiyo.

"Wameikata moja," Fundi alinung'unika.

"Ile uliyoiandika kwa hasira," mkewe alisema.

Mwezi uliofuata kanuni mpya zilibandikwa ubaoni. Kulikuwa na kifungu cha lalamiko la mdomo, na cha msikilizaji anayechaguliwa na mlalamikaji. Mama Pacha alivisoma akiwa amesimama, kisha akampisha mtu aliyekuwa nyuma yake.

Mkaguzi mpya alikuja shuleni kwa Mwalimu siku milango ile mitatu ya Fundi ilipokwisha kufungwa kwenye fremu. Alikuwa mwanamke mwenye tepu kiunoni na maneno machache. Alipima upana. Alitikisa bawaba. Mlango wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu aliusukuma, akauvuta, akaandika.

"Huu nimeukataa."

Damu ikampanda Fundi Randa. "Kwa sababu gani?"

"Unafungukia ndani. Ukitokea moto, watoto watausonga na hautafunguka. Ugeuze ufungukie nje, nitarudi kesho."

Fundi aliutazama mlango. Akausukuma mwenyewe, akauvuta. Mwalimu alisubiri alipuke.

"Kweli," Fundi alisema. Akavua shati, akaomba bisibisi, akaanza kufungua bawaba. Alipofika kwenye skrubu ya tatu walimsikia anapiga mluzi.